Shika Maiki, Shika Jimbo: Mwongozo kwa Msanii wa Nyanda za Juu

Msanii wangu wa Iringa, na wewe wa Mbeya. Sogea karibu, maana haya hayasemwi kwa kipaza sauti.

Nasikia juzi umejaza ukumbi Mafinga. Watu wameimba nawe mwanzo mwisho, mama mmoja kakutuza kitenge, na kabla jasho halijakauka ukaanza kujiuliza: ikiwa wote hawa wananipenda hivi, jimbo litanishindaje? Swali zuri hilo. Limewapeleka watu Dodoma. Limempeleka mmoja gerezani pia, lakini tutafika huko.

Kwanza elewa biashara yenyewe. Msanii anapigiwa makofi kwa alichokwisha kukifanya. Wimbo umeisha, watu wamefurahi, wanakwenda kulala, hakuna anayekudai. Mwanasiasa anapigiwa makofi kwa atakachofanya. Kila kofi ni deni, na wanaomdai wanajua nyumba yake ilipo. Ila ukiwa juu ya jukwaa, makofi yote yanasikika sawasawa. Fursa yako iko hapo. Chukua makofi ya msanii, yageuze kuwa kura, na siku ukidaiwa, shangaa: kwani si mlikuwa mnashangilia tu?

Hatua ya kwanza: waseme wagombea

Usianze kwa kuchukua fomu. Anza kwa kuwaimba wanaochukua fomu. Mwanasiasa akimsema mwanasiasa mwenzake, watu wanaona uchu wa madaraka. Msanii akimsema, wanaona ushujaa. Maneno ni yaleyale, bei ndiyo inayotofautiana.

Joseph Haule, yaani Professor Jay, alitoa “Ndiyo Mzee” mwaka 2001, wimbo wa mgombea anayemwaga ahadi huku umati ukiitikia kila uongo. Nchi nzima ilicheka. Mwaka 2015 akapanda jukwaani Mikumi akiwa mgombea wa kweli, na wananchi, waliojua wimbo ule neno kwa neno, wakaitikia tena. Miaka kumi na minne ya kumcheka mgombea, na gharama zote za kampeni hiyo zikalipwa na wanunuzi wa kaseti! Kwa jirani zetu Kenya, Jaguar alivuma kwa wimbo unaoitwa “Kigeugeu”, kisha mwaka 2017 akawa mbunge wa Starehe. Wapiga kura hawakuona ajabu yoyote.

Hapa kwetu mkubwa wa kazi hii ni Joseph Mbilinyi. Alianza kwa jina la 2-Proud, akawa Mr. II, akawa Sugu. Mwanasiasa akibadilisha jina mara tatu anatafutwa na polisi, msanii akibadilisha anaitwa gwiji. Ameziimba shida za watu wa kawaida tangu miaka ya 1990, na mwaka 2010 Mbeya Mjini ikampeleka bungeni. Mwaka 2015 ikamrudisha.

Siri ya hatua hii: usitaje jina, usitaje tarakimu, usitoe suluhisho. Ukiimba kwamba barabara ya Ilula ni mbovu na nyanya zinaozea njiani, kazi yako imekwisha. Mhandisi hatakuuliza kalavati liwe na upana gani. Wala hutaambiwa fedha zitoke kifungu kipi cha bajeti. Ufaidi sana uhuru huo, maana siku utakapoapishwa watu walewale watakuletea nyanya zilizooza mlangoni.

Hatua ya pili: panda basi, soma ramani

Kata tiketi ya Morogoro kwenda Mbeya, kaa dirishani. Kati ya 2015 na 2020, safari hiyo ilikuwa tamasha. Mikumi, pale unapochungulia twiga, ulikuwa kwenye jimbo la mwanamuziki. Ukipanda Kitonga, gari likinguruma na abiria wakisali, ulikuwa unaelekea kwa mchungaji: Iringa Mjini ilikuwa ya Mchungaji Peter Msigwa. Ukilala kidogo Makambako na kuzindukia Uyole, ulikuwa umeshaingia mikononi mwa mwanamuziki mwingine. Wote watatu wa Chadema, kwenye barabara moja, mahubiri katikati na hip hop huku na huku.

Tarehe 28 Oktoba 2020 ramani ikafutwa kwa siku moja. Mikumi ikaenda kwa Dennis Londo, Iringa Mjini kwa Jesca Msambatavangu, Mbeya Mjini kwa Dk. Tulia Ackson, wote CCM. Chadema ilibaki na jimbo moja tu la kuchaguliwa nchi nzima, Nkasi Kaskazini kule Rukwa. Chama kiliyakataa matokeo na kusema uchaguzi umeharibiwa. Tume ya Uchaguzi ilikuwa na hesabu zake, na mshahara wa mbunge unalipwa kwa hesabu za Tume.

Unaona tofauti? Mashabiki wa nyimbo za Sugu hawakupungua hata mmoja usiku ule. Hakuna msimamizi aliyezunguka Mwanjelwa na sanduku akiuliza nani bado anaupenda muziki wake. Upendo kwa msanii hauhesabiwi, ndiyo maana haushindwi. Ukiingia kwenye kuhesabiwa, unaingia pia kwenye mikono ya anayehesabu, na huyo mara nyingi hana hata kaseti moja nyumbani kwake.

Hatua ya tatu: chagua wa kukukataza

Utasikia wakisema msanii yuko huru na mwanasiasa kafungwa kamba na chama chake. Wengine watasema kinyume. Usibishane nao. Uhuru mtupu haupo sokoni. Wewe amua tu unataka kukatazwa na nani.

Ukibaki msanii, utakatazwa na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Usiliogope kupita kiasi. Mtazame Rayvanny, kijana wa Mbeya, aliyeleta tuzo ya BET nyumbani mwaka 2017. Novemba 2018 baraza likaufungia wimbo wake na Diamond Platnumz, “Mwanza”, kwa kukosa maadili. Desemba wakaupiga jukwaani, tena Mwanza kwenyewe. Wakafungiwa wote wawili kwa muda usiojulikana. Wakaomba radhi. Januari wakafunguliwa. Muda usiojulikana ulikuja kujulikana: wiki chache. Na katikati ya sokomoko lile, hata bibi asiyejua Rayvanny ni mtu au sabuni alitaka kuusikia wimbo wenyewe, amlaani vizuri.

Au mtazame Nay wa Mitego, Machi 2017, na wimbo wake “Wapo”. Akakamatwa, wimbo ukapigwa marufuku, halafu Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wetu wa Kyela, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, uachiwe upigwe, tena ikiwezekana mtunzi auongezee nyama. Polisi, baraza, waziri na Ikulu, wote wamesikiliza wimbo mmoja ndani ya siku mbili. Promota gani angekufanyia hivyo?

Ukiwa mbunge, utaahidiwa uhuru mkubwa zaidi. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, wala mbunge hashitakiwi kwa aliyoyasema humo. Soma tena: aliyoyasema. Juni 2016 Sugu alituhumiwa kuonyesha kidole cha kati ndani ya ukumbi, akafungiwa vikao kumi. Kidole hakimo kwenye ibara. Kwenye shoo kidole hichohicho kinapigwa picha na kuwekwa kwenye fulana.

Tena mwaka huohuo urushaji wa vikao vya Bunge moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa ulikuwa umepunguzwa. Ukawa na uhuru kamili wa kusema, mbele ya wabunge wenzako ambao walikwisha kuamua kwenye kikao cha chama chao asubuhi. Mwanamuziki gani amewahi kukubali shoo ya namna hiyo, watazamaji wote wameshapiga kura kabla hujashika maiki?

Hatua ya nne: usiseme bila mdundo

Desemba 2017 Sugu alihutubia mkutano wa hadhara jijini Mbeya. Februari 26, 2018, Mahakama ya Hakimu Mkazi ikamhukumu miezi mitano jela, pamoja na katibu wa Chadema wa kanda, Emmanuel Masonga, kwa kutoa lugha ya kumfedhehesha Rais. Akakaa ndani siku 73, akatoka Mei 10.

Sasa linganisha na Nay, mwaka mmoja nyuma, aliyelala mahabusu usiku mmoja akatoka na sifa za Ikulu. Nay alikuwa na mdundo. Sugu siku ile alikuwa na kipaza sauti kitupu, yeye ambaye miaka yote alikuwa na maprodyuza hodari kuliko wote nchini! Kwa hiyo ukitaka kumsema mkubwa, hakikisha kuna mpiga kinanda nyuma yako, na kila baada ya sentensi nne weka kiitikio.

Ningependa kukuhakikishia kwamba mdundo unatosha. Hautoshi. Siku chache tu baada ya Nay kusifiwa, Aprili 2017, rapa Roma Mkatoliki alichukuliwa studio na watu wasiojulikana na kupatikana baada ya siku tatu. Hapo sina mbinu ya kukupa, wala mzaha. Twende mbele.

Hatua ya tano: jifunze kuzika

Hii ndiyo hatua yenyewe, na wasanii wengi huipuuza. Msanii akifika msibani, ni habari. Mbunge asipofika, ni habari.

Unawajua Wanyakyusa na msiba. Watu wanafurika, ng'ombe wanaanguka, ndizi zinachemka, siku zinapita, na kila aliyefika ana macho. Wakati wa usanii wako ulikuwa ukitokea, unaimba ubeti mmoja wa huzuni, unaondoka umebebwa. Sasa utaulizwa ulikuwa wapi usiku wa kwanza. Kila wikendi kuna misiba mingi kuliko magari yako. Fanya hivi:

Kata muda. Fika kaburini, usifike nyumbani. Kaburini kuna watu wengi zaidi na chakula hakuna, hivyo hutakaa.

Marehemu mwite “mzee wetu” au “mama yetu”. Jina lake likikutoka kichwani, hakuna atakayegundua.

Rambirambi mpe mshereheshaji, usimpe mfiwa. Mshereheshaji atasoma kiasi kwa sauti. Mfiwa atakwenda kukihesabu chumbani, na hapo umepoteza hela.

Ukiwa Iringa, kaa na wazee kwenye ulanzi, pokea kikombe, kishike kwa heshima, usimalize. Mgombea anayemaliza kikombe anaaminika sana jioni na haaminiki kabisa asubuhi.

Na simu. Simu ya msanii inaita kumtafutia kazi. Simu ya mbunge inaita kumtafutia ada ya mtoto wa mtu, dawa, mabati, jezi, na mipira ya timu ambayo wiki iliyopita ulishaipa mipira. Usizime. Mpe kijana ashike, na afundishwe sentensi moja: “Mheshimiwa yuko kwenye kamati.” Hakuna anayejua kamati ni nini, hivyo hakuna anayeweza kukanusha. Kwa maombi makubwa kuna mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha hizo ni za wananchi wenyewe, lakini hakuna kilichokatazwa kuhusu ukubwa wa picha yako siku ya kukabidhi saruji.

Msanii anafanya kazi usiku na kulala mchana, watu wanasema anatunga. Wewe mbunge ukisinzia dakika mbili ukumbini, picha inazunguka simu zote kutoka Kihesa hadi Kabwe. Kwa hiyo sinzia kwa kuinamia makabrasha. Ni ujuzi, unahitaji mazoezi.

Hatua ya sita, kwa waliozaliwa upande wa pili

Naona kuna mheshimiwa mmoja amejibanza pale nyuma anasikiliza. Karibu, mheshimiwa. Wewe shida yako ni kinyume: una jimbo, unataka kupendwa bila kudaiwa. Azima kwa wasanii. Dk. John Magufuli alipiga pushapu jukwaani mwaka 2015 na watu wakasahau kwa muda kuuliza kuhusu ajira. Dk. Tulia, akiwa Naibu Spika, alianzisha tamasha la ngoma za jadi kwao Tukuyu, likabeba jina lake. Fikiria ustadi huo: wacheza ngoma wanatoka jasho, vumbi linatimka, vigelegele vinapigwa, na jina linalosomeka kwenye bango ni la mtu aliyekaa kivulini. Mwaka 2020 Mbeya Mjini ilikuwa yake, mwaka 2022 akawa Spika. Sisemi ngoma ndiyo iliyompa. Nasema haikumpunguzia kitu.

Ukipenda njia ya mkato zaidi, fuata Kapteni John Komba, mtu wa Ziwa Nyasa. Yeye hakuhangaika kuhama. Tangu kikundi cha TOT kilipoanzishwa mwaka 1992, vyama vingi vikiingia, aliiimbia CCM, na mwaka 2005 akaongeza ubunge wa Mbinga Magharibi juu ya uimbaji, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuungwa. Hakufungiwa wimbo. Alifariki Februari 2015 akiwa bado mbunge na bado sauti yake inapigwa kwenye mikutano ya chama. Uhuru wake? Alikuwa huru kuimba chochote ambacho alishakubaliana nacho.

Kuna pia njia ya Mkwawa, mtwa wa Wahehe. Huyo alikuwa mwanasiasa, tena mkali: alitoza kodi ya njia, alipigana na majirani, na si wote waliompenda. Mwaka 1891 akawapiga Wajerumani pale Lugalo, mwaka 1898 akajiua wasimkamate, na fuvu lake likarudi Kalenga mwaka 1954. Leo anaimbwa, anachezewa ngoma, na kila mgombea anayesimama Mwembetogwa anamtaja kana kwamba walisoma darasa moja. Hakuna anayemdai kalavati. Ila malipo ya awali ni makubwa mno, sikushauri.

Hatua ya saba: tambua nani anapiga kura

Mei 2024, Makambako, palifanyika mtihani mzuri wa somo letu. Chadema Kanda ya Nyasa walikuwa wanachagua mwenyekiti. Upande mmoja Msigwa, mchungaji wa Iringa, msemaji hodari, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Upande wa pili Sugu wa Mbeya. Matokeo: Sugu 54, Msigwa 52. Kura mbili.

Utafurahi na kusema sanaa imeishinda siasa. Tulia. Ukumbini mle hakuna aliyekata tiketi. Walikuwa wajumbe mia moja na kidogo, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na si bure kwamba watu wanasema wajumbe si watu. Mashabiki wanaojaza uwanja wa Sokoine hawaingii kwenye ukumbi kama ule. Mwezi mmoja baadaye, Juni 30, Msigwa akahamia CCM, chama alichokuwa amekisema kwa miaka mingi kwa ufasaha wa hali ya juu. Angekuwa mwanamuziki amebadilisha mtindo, wangesema amekua.

Kwa hiyo, msanii wangu: acha kuhesabu waliojaa ukumbini Mafinga. Tafuta watu mia moja. Jua watoto wao wanasoma wapi, nani kati yao ana mama mgonjwa, nani hampendi nani. Hawatanunua wimbo wako hata siku moja. Wala usiwaimbie, wengi wao hulala mapema.

Hatua ya mwisho: shindwa kwa madaha

Utashindwa. Usikasirike, ndiyo hali ya hewa ya kazi hii. Lakini wewe una faida ambayo diwani mstaafu wa kawaida hana: unaweza kusema hukuwahi kuondoka. Mwanasiasa aliyeshindwa anaonekana stendi akisubiri kusalimiwa. Msanii aliyeshindwa “amerudi studio”. Rudi. Toa wimbo wenye maneno machache na uchungu mwingi. Tangaza kwamba ubunge ulikuwa unabana ubunifu wako, wala usieleze kwa nini uliuomba mara mbili.

Jenga kitu pia, kabla mshahara haujakata. Sugu ana hoteli yake Mbeya, Desderia, yenye jina la mama yake. Vyumba vya hoteli havina kura za maoni, na mgeni akiudhika anahama peke yake.

Mashabiki uliowakopa kipindi cha kwanza wengi watakurudia wakati baridi ya Juni ikiingia, maana shoo za ndani hujaa. Ongeza kiingilio kidogo, waambie ni kwa ajili ya watoto wa shule. Usitaje shule.

Ukiwa bado unautaka ubunge baada ya haya yote, na naona machoni unautaka, nitafute kabla ya mchujo ndani ya chama. Baada ya hapo huwa napokea simu ya mshindi tu.